Kanisa Dogo la Bukumbi na Daftari Lake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mwadui)



Nilipoombwa nizungumze leo niliambiwa nichague jambo lolote la historia, mradi lisiwe refu kupita subira ya watu wenye njaa. Nimechagua historia ya parokia moja ya shamba na kanisa lake. Naomba ndugu zangu Waislamu, na ndugu zangu wa Kanisa la Kiinjili na wa Africa Inland Church, wasinune. Sikuja kuhubiri. Nazungumza kama mtu wa historia, na mwisho wa maneno yangu nitakuwa na ombi ambalo linatuhusu sisi sote, wa dini yoyote ile.

Nianze mbali kidogo. Kule Uingereza, mwaka 1538, waziri wa Mfalme Henry wa Nane aliyeitwa Thomas Cromwell alitoa amri kwamba kila parokia nchini iwe na daftari, na kila padre aandike humo kila mtoto aliyebatizwa, kila ndoa iliyofungwa na kila maiti iliyozikwa. Amri hiyo haikuwa kwa miji mikubwa peke yake. Hata kijiji chenye nyumba 20, kondoo na kanisa la mawe, kilipaswa kuwa na daftari. Matokeo yake ni kwamba leo mkulima wa Kiingereza asiye na cheo chochote anaweza kwenda kuuliza habari za babu wa babu wa babu yake, akaambiwa alizaliwa lini, alimwoa nani, na alikufa mwaka gani. Wazee wa Kiswahili walilisema jambo hilo kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ni mali.

Sasa turudi hapa tulipo. Sote tunajua historia ya almasi ya Mwadui. Tunajua kwamba Dokta John Williamson, Mkanada, aliipata mwaka 1940. Tunajua kwamba mwaka 1947 lilitoka hapa jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54 na nusu, likapelekwa kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, likakatwa, likatengenezewa pambo la kifuani. Tunajua kwamba Williamson mwenyewe alifariki hapa hapa Mwadui mwanzoni mwa mwaka 1958, na kwamba mwaka huo huo mgodi ukauzwa kwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Tunajua kwamba mwaka 2009 sehemu kubwa ilikwenda kwa kampuni ya Petra. Jiwe moja tu, dogo la kufumbatika katika kiganja, lina historia iliyoandikwa kutoka siku lilipookotwa hadi siku lilipovaliwa. Lakini nikiwauliza: nani alikuwa mtu wa kwanza kuongoza sala katika kambi za wafanyakazi wa Mwadui, na aliwakusanya chini ya mti gani? Naona mnatazamana.

Hilo ndilo lililonifanya nichague Bukumbi.

Ukitoka hapa Mwadui ukatokea Maganzo, ukashika barabara kuu ya Mwanza, unapita Mabuki, unapita Misungwi, na ukifika Usagara unaacha barabara ya Mwanza na kushika ile ya kushoto iendayo Kigongo. Zamani hapo Kigongo ndipo tulipokuwa tukipoteza nusu siku tukingoja kivuko cha kwenda Busisi na Geita. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, na mtu anavuka ghuba kwa dakika chache. Upande huu wa ghuba, kabla ya kuvuka, ndiko iliko Bukumbi. Wasafiri wengi hupita bila kugeuza shingo. Lakini kwa Wakatoliki wa Usukuma hapo ndipo mahali pa mama.

Mapadre Weupe, walioitwa hivyo kwa sababu ya kanzu zao, walitumwa na Kardinali Lavigerie kutoka Algeria mwaka 1878. Walitua Bagamoyo, wakapanga msafara wa wapagazi, wakaja kwa miguu. Mkubwa wa kundi moja, Padre Pascal, alikufa njiani katika Ugogo kabla ya kufika Tabora. Kutoka Tabora waligawanyika: wengine wakaenda Ziwa Tanganyika, wengine wakaja kaskazini kwetu. Tarehe 30 Desemba 1878 hawa wa kaskazini walifika Kageye, katika wilaya ya Magu ya leo, mahali pale pale alipopiga kambi Stanley miaka mitatu nyuma. Januari 1879 wawili kati yao, Padre Lourdel na Bruda Amans, walipanda mtumbwi kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda kuomba ruhusa ya kukaa. Wenzao waliwafuata baadaye mwaka huo.

Hivyo mtaona kwamba hawakuwa na nia ya kukaa Usukuma. Macho yao yalikuwa Buganda, penye mfalme, jeshi na barabara. Sisi tulikuwa njia tu. Bukumbi ilizaliwa kwa sababu ya shida. Novemba 1882, hali ilipokuwa mbaya Buganda na wakaogopa kwamba wao na watoto waliokuwa wakiwalea wangeuawa, mapadre walifunga virago, wakavuka ziwa kuja kusini. Mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, mahali walipopaita katika maandishi yao Kamoga. Miti, udongo na nyasi: basi, hilo ndilo lilikuwa kanisa. Mwezi Mei mwaka huo huo Roma ikatangaza nchi yote inayozunguka ziwa kuwa Vikarieti ya Viktoria Nyanza, na Padre Livinhac akawa askofu wake. Kwa hiyo, kwa muda, mfungwa wa umaskini huu wa nyasi na udongo alikuwa ndiye mkubwa wa kanisa la nchi tatu za leo.

Sasa, tunajuaje habari hizi? Tunazijua kwa sababu ya amri moja ya Lavigerie. Aliwaamuru mapadre wake mambo kadha wa kadha. La kwanza, wasikae kamwe chini ya watatu katika kituo kimoja. La pili, wajifunze lugha ya wenyeji upesi na waizungumze wao kwa wao. La tatu, mtu asibatizwe mpaka awe amefundishwa kwa miaka minne. Na la nne, ambalo ndilo langu leo, kila kituo kiwe na daftari la kila siku. Hata siku ambayo hakuna lililotokea ila mvua, waandike kwamba mvua imenyesha. Padre mwenye homa, ambaye mkono unatetemeka, alipaswa kuandika. Daftari hizo ndizo zinazotusimulia leo.

Na zinatusimulia nini? Kwanza habari za watoto. Siku hizo misafara ya watumwa ilipita Usukuma ikielekea Tabora na pwani. Mapadre waliwakomboa watoto kwa vitambaa na shanga, wakawalea, wakawafundisha kusoma, kulima na kujenga. Watoto hao ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza wa Bukumbi. Lazima tuseme ukweli wote hapa. Wapo waliosema hata wakati ule kwamba kununua mtumwa ili kumwacha huru ni kumtajirisha mwuzaji, na kesho ataleta wengine. Tena mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama anataka kuwa Mkristo; alikombolewa, akalelewa, akabatizwa. Lakini nalo ni kweli kwamba mtoto yule angefika Tabora akiwa na mnyororo shingoni, na badala yake alifika utu uzima akiwa na jembe lake na nyumba yake. Mimi siwezi kuwapimia mambo haya mawili katika mizani moja. Nayaacha mbele yenu.

Wasukuma wenyewe hawakuwa na haraka. Walikuja kuwatazama wageni, waliwauzia mtama na mbuzi, waliwaomba dawa, kisha wakarudi kwao. Walikuwa na watemi wao, mizimu yao, ng'ombe wao na ngoma zao. Mgeni aliyewaambia waache mambo hayo kwa miaka minne ya mafundisho alisikilizwa kwa adabu, na adabu ya Msukuma tunaijua: anakuitikia vizuri sana, kisha anafanya alilolikusudia.

Sasa nafika kwenye kisa ambacho kwa maoni yangu kingetosha peke yake kuifanya Bukumbi isisahaulike.

Mnazijua habari za mashahidi wa Uganda. Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, aliwaua vijana Wakristo wa barazani kwake, Wakatoliki na Waprotestanti, kati ya mwaka 1885 na 1887. Wengi walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Padre Lourdel alikuwa amerudi Buganda wakati huo. Alikwenda ikulu kuwaombea, hakusikilizwa. Vijana wale aliwafundisha yeye mwenyewe. Aliwajua kwa majina.

Septemba 1888 gurudumu likageuka. Mwanga alipinduliwa. Mwezi uliofuata wamisionari wote wakafukuzwa Buganda, Wakatoliki na Waingereza wa CMS pamoja. Watu hawa walikuwa wamegombana kwa miaka mbele ya Kabaka kuhusu nani mwenye dini ya kweli. Sasa wakapakiwa katika mashua moja, ile mashua ya Waingereza iitwayo Eleanor, pamoja na watoto wao wa misheni. Ziwani kiboko akaipiga mashua ikatoboka na kuzama, na baadhi ya watoto wakafa maji. Waliookoka waliitengeneza mashua, wakaendelea na safari kusini. Waingereza wakaenda Usambiro, kusini mwa ghuba, kwa mwenzao Alexander Mackay. Wakatoliki wakashuka Bukumbi. Ndugu zangu, watu hawafundishwi umoja na mahubiri peke yake. Wakati mwingine wanafundishwa na tundu katika mashua.

Na Mwanga je? Alikimbia kwa mtumbwi, akashuka Magu kwa wafanyabiashara Waarabu. Huko hakupata heshima ya mfalme. Alikuwa karibu sawa na mfungwa. Akatoroka. Na alipotoroka, mahali alipokuja kubisha hodi ni Bukumbi.

Hebu fikirini jambo hilo. Kijiji kidogo cha misheni, nyumba za udongo. Ndani yake yumo Lourdel, ambaye miaka miwili tu nyuma alirudi kutoka ikulu mikono mitupu, akisikia kwamba vijana wake wanakwenda kuchomwa. Wamo watoto na vijana waliofukuzwa Buganda, ambao waliwajua waliouawa. Na mlangoni amesimama yule aliyetoa amri, hana viatu vya kifalme, hana ngoma, hana walinzi, anaomba mahali pa kulala.

Walimpokea. Walimpa nyumba na chakula, na akakaa nao kwa miezi, akiyasikiliza mafundisho ya dini ile ile aliyotaka kuizima. Waganda Wakristo waliokuwa wamekimbilia nchi za jirani walipomtumia ujumbe kwamba wako tayari kumrudisha kitini, aliondoka mwaka 1889 katika mashua ya mfanyabiashara mmoja, Charles Stokes, ambaye zamani alikuwa wa CMS. Baada ya mapigano mengi alikalia tena kiti chake.

Wapo watakaosema kwamba mapadre walimpokea kwa hesabu: mfalme aliyelala kwako ni rafiki yako kesho. Siwezi kukataa kwamba hesabu hiyo ilikuwapo. Wala siwezi kuficha kwamba baada ya Mwanga kurudi, Wakristo wenyewe, Wakatoliki na Waprotestanti, walipigana vita Mengo Januari 1892, na damu nyingi ikamwagika. Mwanga mwenyewe mwisho wake Waingereza walimpeleka Shelisheli, akabatizwa huko katika kanisa la Kiingereza kwa jina la Daniel, akafa mwaka 1903. Kwa hiyo hesabu, kama ilikuwapo, haikuleta faida. Lakini usiku ule wa kwanza, kabla hesabu haijapigwa, mtu alibisha hodi na mlango ukafunguliwa. Hilo lilitokea hapa Usukuma, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka hapa tulipokaa. Na wala hakuna wimbo wa shule unaolitaja.

Baada ya hapo nitakwenda haraka. Agosti 1889 Stanley alipita kusini mwa ziwa akimpeleka Emin Pasha pwani, akapumzika kwa Mackay kule Usambiro. Mapadre wawili wa Bukumbi, Girault na Mjerumani Schynse, waliungana na msafara wake. Mackay alifariki Usambiro kwa homa Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa fundi hodari, mpiga chapa na mjenzi wa mashua, na Wasukuma walimshangaa zaidi kwa nyundo kuliko kwa kitabu. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Uganda. Schynse alirudi Bukumbi, akafariki hapo mwaka 1891.

Mei 1890 Bukumbi iliona jambo ambalo makanisa mengi makubwa ya Ulaya hayakuliona: kuwekwa wakfu kwa askofu. Livinhac alikuwa ameitwa kwenda kuwa mkuu wa shirika lote. Kabla ya kuondoka alimweka wakfu Padre Hirth, ambaye alikuwa akiwafundisha vijana hapo hapo Bukumbi. Hirth huyo ndiye baadaye aliyefungua misheni za Bukoba na Rwanda, na ndiye aliyeweka msingi wa seminari ya Rubya. Na katika seminari ya Rubya alisoma kijana Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika. Mto mkubwa, ukiufuata nyuma, unakuta chemchemi ndogo kichakani.

Parokia mama nayo huzaa, na ikizaa hugawa shamba. Mwaka 1894 Uganda ilitengwa. Mwaka 1929 likatokea jina la Vikarieti ya Mwanza. Mwaka 1946 Musoma na Maswa zikakatwa, wakapewa mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani. Mwaka 1950 Maswa ikasimama peke yake, mwaka 1953 ikawa jimbo, na mwaka 1956 jina likageuka kuwa Jimbo la Shinyanga, chini ya Askofu Edward McGurkin. Mwaka 1975 alimfuata Askofu Castor Sekwa. Kwa hiyo Wakatoliki wa Mwadui ni wajukuu wa Bukumbi, wapende wasipende.

Na wenzetu wa upande wa pili wana ukoo wao pia. CMS walikuwa wamefungua kituo cha Nassa, katika Ghuba ya Speke, mwaka 1888. Mwaka 1909 walikikabidhi kwa Africa Inland Mission, na hao ndio waliokuja mpaka Kolandoto, hapa njiani kwenda Shinyanga, wakaanza hospitali mwaka 1913. Wangapi kati yetu tulizaliwa au tulishonwa vidonda Kolandoto? Inueni mikono. Mnaona.

Sasa jambo la ngoma, maana nimeona vijana wameanza kusinzia.

Wamisionari wa mwanzo waliiogopa ngoma. Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa na waganga Ngika na Gumha, vilishindana kwa dawa pamoja na kwa miguu, na padre aliona dawa tu, hakuona miguu. Mkristo aliyekwenda kucheza baada ya mavuno alitengwa na sakramenti. Vijana wengi waliishi maisha mawili: Jumapili asubuhi kwaya, Jumapili jioni ngoma, na katikati wasiwasi.

Katika miaka ya 1950 akatokea padre mmoja Mkanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Huyu alikaa Bujora, karibu na Kisesa, njia ya Magu. Yeye aliuliza swali rahisi: kama Mtemi wa Wasukuma huketi katika kiti cha enzi na nyumba ya duara, kwa nini Mtemi wa mbinguni akae katika nyumba ya Kifaransa? Kanisa la Bujora likajengwa la duara. Altare ikapewa sura ya kiti cha mtemi. Kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi kikafanywa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Ngoma zikaingia kanisani kwa mlango wa mbele, na sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni ikawa siku ya Wagika na Wagalu kushindana uwanjani, ile tunayoiita Bulabo. Pembeni pakawa na nyumba ya makumbusho. Serikali ilipofuta utemi mwaka 1963, na ngoma za watemi zikawa hazina wa kuzipiga, nyingine zilipata kimbilio hapo. Padre Clement alifariki mwaka 1986, akazikwa Bujora.

Tazameni basi. Bukumbi ilimpa kimbilio mfalme aliyefukuzwa. Binti yake Bujora akazipa kimbilio ngoma za watemi waliofutwa. Kanisa dogo la shamba, likiwa na mlango unaofunguka, hutunza kitu ambacho ikulu imeshindwa kukitunza.

Nimesema kwamba nina ombi. Sasa nalitoa.

Daftari za Bukumbi zina kasoro moja kubwa. Waandishi walikuwa wageni. Wameandika majina yao wenyewe kwa uangalifu, na siku walizougua na siku walizopona. Lakini mpagazi aliyebeba kengele kutoka pwani mara nyingi hana jina. Mama aliyepika ugali kwa watoto waliokombolewa hana jina. Wapiga kasia hawana majina. Katekista aliyetembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, akifundisha kwa Kisukuma yale ambayo padre alishindwa kuyasema, huyo ndiye hasa aliyelijenga kanisa, naye akipata mstari mmoja amebahatika.

Sisi hatuna udhuru wa wageni. Tunajua kuandika, na wazee wetu tunajua majina yao. Hapa Mwadui na vijiji vyake kuna makanisa na misikiti iliyojengwa na wafanyakazi wa mgodi kwa mishahara yao, tofali kwa tofali, baada ya zamu. Watu walikuja kutoka kila pembe ya nchi, wengine kutoka nchi jirani, wakaimba katika lugha ambayo haikuwa ya mama zao. Vigango vingine vya porini viliachwa vikabomoka mwaka 1974, wakati watu walipohamishiwa vijijini, na makaburi yakabaki katikati ya mashamba ya pamba. Na tarehe 7 Novemba 2022 tuliona wenyewe bwawa la tope la mgodi lilipopasuka, tope likaingia katika nyumba na mashamba ya majirani zetu. Kitabu cha ubatizo kilichofungiwa katika sanduku la mbao hakiwezi kushindana na tope. Wala hakiwezi kushindana na mchwa, ambaye hahitaji bwawa kupasuka.

Wazee waliokuwa vijana wakati wa Williamson karibu wote wamekwisha. Waliokuwa watoto wakati huo ndio wazee wa leo, nao kila mwaka tunawapunguza makaburini. Kila mmoja anayekwenda anakwenda na ukurasa ambao hakuna mwingine anayeusoma.

Kwa hiyo naomba hivi. Ninyi wanafunzi mlioko madarasani, kila kidato kichague nyumba moja ya ibada katika eneo hili, kanisa au msikiti, kubwa au dogo, bora dogo. Mwendeni mzee mmoja, mmwamkie kwa adabu, mkae chini, mmwulize maswali haya matano. Uwanja huu aliutoa nani? Jengo la kwanza lilikuwa la nini, na nani alilijenga kwa mikono? Nani aliwafundisha watu kabla hajaja padre, mchungaji au sheikh? Ni ugomvi gani mkubwa uliotokea, na ulikwishaje? Na nani amezikwa hapo? Yaandikeni majibu kwa kalamu, kwa Kiswahili chepesi, na mkimaliza mmsomee mzee yule yale mliyoyaandika ili asahihishe. Msiache swali la ugomvi kwa kuona aibu. Mngepata wapi habari za Bukumbi kama zingeandikwa sala tu?

Nasi wanafunzi wa zamani tugharimie madaftari, na gazeti letu hili litoe nafasi kwa habari moja kila toleo. Mimi natoa madaftari 20 ya mwanzo. Mweka hazina yuko pale, ameshanitazama kwa jicho la mashaka, lakini nimeyaleta, yako ndani ya gari.

Waingereza walianza mwaka 1538. Mapadre wa Bukumbi walianza mwaka 1883, wakiwa na homa, katika nyumba ya nyasi, kwa mwanga wa mafuta. Sisi tunaweza kuanza Jumatatu.

Naona wapishi wamekwisha kufunua masufuria, basi na mimi nafunga daftari langu.